Kabla ya Kambi, Barabara

Matangazo ya kambi za magari ya kulala, yale ambayo Marekani nzima huyaita RV, yana kauli moja kila penye hifadhi ya taifa ya mlimani: dakika tano tu kutoka langoni. Kwa kawaida kauli hiyo ni ya kweli, na hapo ndipo inapompotosha msafiri, kwa sababu lango si hifadhi. Chukua lango la magharibi la Yellowstone, lililo ukingoni mwa mji mdogo wa West Yellowstone, jimbo la Montana. Kutoka hapo hadi Old Faithful, chemchemi inayorusha maji ya moto hewani na ambayo karibu kila mgeni amekuja kuiona, ni kilomita 48. Hadi kwenye korongo kuu na maporomoko yake ni 64. Hadi bonde la Lamar, wanakotazamwa mbwa-mwitu wa kijivu na makundi makubwa ya baisani, ni zaidi ya 120. Kilomita zote hizo zimo ndani ya hifadhi, kwenye barabara ambayo mwendo wa juu unaoruhusiwa ni kilomita 72 kwa saa, na baisani wakisimama katikati ya lami magari yote husimama nao. Aliyelala karibu na lango la magharibi akitaka Lamar atamaliza siku nzima akiwa ameshika usukani.

Kwa hiyo nashikilia jambo moja, na msomaji akilichukua hilo peke yake, mengine atayapata mwenyewe: kambi huchaguliwa mwisho. Kwanza amueni mnataka kuona nini. Kisha tafuteni barabara inayofika huko. Kisha ulizeni kama gari lenu linaruhusiwa kwenye barabara hiyo, na kama linaiweza. Hayo yakishajulikana, kambi zinazofaa hubaki chache sana, na kuchagua miongoni mwake ni kazi ya nusu saa. Wengi huanza upande wa pili: picha za bwawa la kuogelea, nyota za wateja, bei ya usiku. Wakifika wanagundua kwamba wamelala mahali pazuri pasipofika popote.

Jambo hili si la Wamarekani wenye nywele nyeupe peke yao. Wazungumzaji wa Kiswahili wako Denver, Salt Lake City na Boise, na tangu 2016 familia za Wakongo zimepokelewa Missoula, mji ulio saa mbili na nusu hivi kwa gari kutoka hifadhi ya Glacier. Kwa familia ya watu saba yenye bibi aliyekuja kutembelea wajukuu, gari la kulala lina maana kubwa kuliko fahari. Lina jiko. Nyama ni ile mliyochinjiwa wenyewe, ugali unapikwa saa mnayotaka, mtoto akisinzia kitanda kipo. Hoteli za miji ya langoni mwezi wa Julai zina bei za kutisha na hazina jiko. Lakini gari hilohilo ni refu, ni pana, ni zito, na milima haipendelei vitu vya namna hiyo.

Yellowstone ndiyo hifadhi ya kujifunzia, maana makosa yote yanayowezekana hutendeka pale. Ni ya zamani kuliko hifadhi zote za taifa za nchi hiyo, ilitangazwa 1872, na ukubwa wake unakaribia kilomita za mraba 9,000, zaidi ya mara tatu ya Unguja na Pemba kwa pamoja. Barabara yake kuu ina umbo la tarakimu 8 na urefu wa kilomita 229. Malango ni matano, na kila lango lina mji wake wenye kambi zake: West Yellowstone magharibi, Gardiner kaskazini, Cooke City kaskazini mashariki, Cody mashariki ya mbali, na Jackson kusini, nyuma ya hifadhi nyingine kabisa ya Grand Teton. Ukiangalia ramani ndogo ya simu, yote yanaonekana kuizunguka Yellowstone kwa usawa. Si hivyo. Kutoka Cody hadi lango la mashariki pekee ni kilomita 85, na baada ya lango bado una kipito cha Sylvan, mita 2,598 juu ya usawa wa bahari, ndipo ulione ziwa. Cody ni mji mzuri wa kulala usiku mmoja wakati wa kuingia au kutoka. Kukaa huko siku nne ukiingia na kutoka kila siku ni adhabu.

Ndani ya hifadhi kuna kambi 12. Moja tu, Fishing Bridge, ina umeme, maji na bomba la majitaka kwenye kila kiwanja. Iko karibu na ziwa, upande wa mashariki wa lile duara la kusini. Masharti yake yanawashangaza wengine: haipokei hema, wala trela lenye kuta za turubai. Ni magari yenye kuta ngumu tu, kwa sababu eneo hilo ni la dubu aina ya grizli, wenye lile ziwa na mito yake kabla ya sisi. Sharti kama hilo utalikuta pia katika baadhi ya kambi za misitu ya serikali nje ya hifadhi, upande wa Cody na Cooke City. Kama mmekodi trela linalofunguka kwa kitambaa, ulizeni mapema. Askari wa hifadhi hatabadilisha sheria kwa sababu mmetoka mbali.

Kati ya Fishing Bridge yenye kila kitu na Madison isiyo na umeme, mimi kwa safari ya kwanza nachagua Madison. Sababu ni barabara. Madison iko kwenye makutano, kilomita 22 ndani ya lango la magharibi na 26 kutoka Old Faithful. Kutoka hapo asubuhi na mapema mnafika kwenye mabonde ya chemchemi za moto kabla msururu wa magari kutoka mjini haujajaza maegesho, na gari la kulala linahitaji maegesho kuliko gari lolote. Ikifika saa nne asubuhi katika Julai, nafasi ndefu za kuegesha pale kwenye chemchemi ya Grand Prismatic huwa zimekwisha. Mwenye kulala Madison ana saa mbili ambazo mwenye kulala nje ya lango hana, na saa hizo haziuzwi kwenye kambi yoyote ya kifahari.

Hata hivyo kambi moja haitoshi kwa hifadhi kubwa namna ile. Wanaokaa zaidi ya siku tatu nawasihi wagawanye usiku: nusu upande wa magharibi kwa ajili ya chemchemi, nusu upande wa kaskazini, Mammoth au Gardiner, kwa ajili ya wanyama. Gardiner iko kilomita 8 kutoka Mammoth, na Lamar inakuwa karibu kilomita 50 badala ya 120. Watu hukwepa kuhama kwa sababu ya uchovu wa kufungasha. Lakini gari la kulala limeundwa kwa kuhama. Kuling'ang'aniza mahali pamoja siku sita, kisha kuliendesha saa tano kila siku, ni kulitumia vibaya.

Glacier, kaskazini mwa Montana, ina somo kali zaidi. Barabara yake maarufu ya Going-to-the-Sun ina urefu wa kilomita 80 na inavuka mlima kwenye kipito cha Logan, mita 2,025. Ilizinduliwa 1933, ikiwa imechongwa kwenye mwamba kwa vipimo vya magari ya zama zile. Sheria yake ni hii: gari lenye urefu unaozidi futi 21, bampa zikihesabiwa, au upana unaozidi futi 8, vioo vya pembeni vikihesabiwa, haliruhusiwi kati ya kambi ya Avalanche upande wa magharibi na Rising Sun upande wa mashariki. Gari lenye kimo cha zaidi ya futi 10 linaweza kugusana na mwamba uliotokeza juu ya barabara hata kama urefu wake uko ndani ya sheria. Gari la kawaida la kukodi la familia lina futi 25 au 30. Maana yake haliruhusiwi kabisa kwenye barabara ambayo watu wamesafiri nusu ya bara kuja kuiona.

Hapo ndipo uchaguzi wa kambi unapogeuka kuwa uchaguzi wa upande. Ukilala magharibi, kwenye kambi ya Apgar ndani ya hifadhi au zile za West Glacier na Coram nje yake, una ziwa McDonald na misitu ya mierezi. Ukilala mashariki, St. Mary au Babb, una mabonde ya wazi, na Many Glacier iko jirani, sehemu ambayo kwa macho yangu ndiyo moyo wa hifadhi yote. Kwa gari refu, kuvuka kutoka upande mmoja kwenda mwingine ni kuzunguka kusini kwa barabara ya US 2 kupitia kipito cha Marias, safari inayokula sehemu nzuri ya siku. Kwa hiyo pangeni usiku wa pande zote mbili, na siku ya kuzunguka ihesabiwe kuwa siku ya safari, msiahidi watoto kitu kingine.

Na barabara yenyewe ya juu je? Kuna njia tatu za heshima. Mabasi mekundu ya zamani, yaliyoundwa kati ya 1936 na 1939 na bado yanapanda, hubeba abiria kwa tiketi. Kuna mabasi ya hifadhi, ambayo utaratibu wake hubadilika kati ya msimu na msimu, hivyo usomeni upya mwaka mnaosafiri. Au kodini gari dogo kwa siku moja kutoka Kalispell, mliache la kulala kambini. Gharama ya siku hiyo moja ni ndogo ukilinganisha na gharama ya kufika Montana na kuikosa Logan.

Gari dogo ni suala ambalo natamani lingeulizwa kabla ya mengine yote. Wenye magari yao wenyewe hukokota gari dogo nyuma ya RV, na kwa hao kambi ya nje yenye nafasi kubwa ni chaguo la busara: RV inabaki, gari dogo linaingia hifadhini. Wanaokodi mara nyingi hawana ruhusa ya kukokota. Kwao kila safari ya kwenda kuona kitu ni kung'oa kambi: kukunja kivuli cha turubai, kufunga makabati, kuchomoa umeme na mpira wa maji. Basi wasio na gari dogo watafute kambi ambayo basi linafika. Yosemite, California, ni mfano mzuri. Kambi za bondeni, Upper Pines na wenzake, hazina umeme hata kidogo, lakini basi la bure la bonde linapita hapo hapo, na gari la kulala halina haja ya kusogea hadi siku ya kuondoka. Wasiopata nafasi bondeni watafute kambi iliyo kwenye njia ya mabasi ya YARTS yanayopanda kutoka Merced na Mariposa kwa barabara ya 140. Kiwanja kisicho na umeme lakini chenye kituo cha basi, mimi nakihesabu kuwa na thamani kuliko kiwanja chenye umeme na runinga kilicho kilomita 60 nyuma ya milima.

Grand Teton naipitia haraka, lakini ina mtego mmoja ambao lazima utajwe. Kambi za upande wa Idaho, Victor na Driggs, ni nafuu na mandhari yake ni mazuri. Ramani inazionyesha karibu kabisa na Jackson. Kati yake na Jackson kuna kipito cha Teton, mita 2,570, chenye mteremko unaofikia asilimia 10. Kwa gari dogo ni nusu saa ya kupendeza; kwa tani tano au sita zilizokodiwa na dereva asiyezoea, ni harufu ya breki zinazoungua. Juni 2024 sehemu ya barabara hiyo ilimeguka na kuporomoka bondeni, njia ikafungwa wiki tatu hivi, na waliolala Idaho wakalazimika kuzunguka mbali kupitia Alpine. Kwa gari kubwa nashauri kambi ya Colter Bay, iliyo ndani ya hifadhi na yenye huduma kamili, au ile ya Flagg Ranch katikati ya Teton na Yellowstone, inayowafaa sana wanaotaka zote mbili. Wanaowaleta wazazi kutoka nyumbani wazingatie pia kwamba kuanzia Januari 1, 2026, mgeni asiye mkazi wa Marekani mwenye miaka 16 na zaidi anatozwa dola 100 juu ya kiingilio cha kawaida katika hifadhi 11 zenye watu wengi, zikiwemo Yellowstone, Grand Teton, Glacier na Yosemite. Kadi ya mwaka kwa wageni ni dola 250. Mkipanga hifadhi mbili au tatu, kadi ndiyo hesabu nzuri.

Mteremko unadai neno la kiufundi. Injini ya petroli isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia 3 ya nguvu zake kwa kila mita 300 unazopanda. Kwenye kimo cha ziwa la Yellowstone, mita 2,350 na zaidi, umepoteza karibu robo, na gari limejaa maji, gesi na watu. Kupanda si hatari. Ni polepole tu, na adabu ni kuegesha pembeni ili walio nyuma wapite. Hatari iko kwenye kushuka. Shusha gia kabla ya kuanza mteremko, si katikati yake, uiache injini ilizuie gari, na breki ziguswe kwa vipindi vifupi vifupi. Anayekaa kambi iliyo upande wa pili wa kipito atafanya hivyo mara mbili kwa siku, jioni akiwa amechoka na jua likimpiga machoni. Nikisema barabara kwanza, namaanisha na hili.

Sasa huduma. Umeme kwenye kambi za Marekani huja kwa aina mbili kuu, ampea 30 na ampea 50, na watu hudhani tofauti yake ni ndogo. Plagi ya ampea 30 ina laini moja ya volti 120, hivyo inatoa wati 3,600. Ile ya 50 ina laini mbili za volti 120, kila moja ampea 50, jumla wati 12,000. Lakini gari la kukodi la futi 25 kwa kawaida lina waya wa ampea 30, na kulipia kiwanja cha 50 hakuliongezei kitu. Soma plagi yako kabla ya kulipa.

Na je, umeme wenyewe mnauhitaji? Jibu linategemea kimo cha mahali, na hili ndilo jambo ambalo orodha za nyota hazitawaambia. Yellowstone, hata Julai, usiku unaweza kushuka hadi kuganda. Kiyoyozi hakina kazi. Mnachohitaji ni hita, na hita ya RV huchoma gesi ya propeni. Umeme unaotumika ni wa feni yake, ampea 7 hivi kutoka kwenye betri. Betri ya kawaida ya risasi yenye ampea-saa 100 haitakiwi kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo usiku mmoja wa baridi inaumudu, wa pili haiumudu bila kuchajiwa. Lakini gari linaloendeshwa mchana linachaji betri, na kambi za Yellowstone zinazoruhusu jenereta huziruhusu kati ya saa mbili asubuhi na saa mbili usiku. Familia yenye mablanketi ya kutosha inaishi vizuri bila plagi. Mwenye kifaa cha kumsaidia kupumua usiku, au mtoto mchanga, huyo ni suala jingine, na kwake Fishing Bridge au kambi ya nje ni lazima, si anasa.

Hifadhi ya Great Smoky Mountains, kati ya Tennessee na North Carolina, inageuza hesabu hiyo juu chini. Ndiyo inayotembelewa kuliko hifadhi zote za taifa za Marekani, zaidi ya mara milioni 12 kwa mwaka, na kambi zake za ndani hazina umeme wala bafu. Gatlinburg iko chini ya mita 400. Julai kuna joto lenye unyevu ambalo mtu wa Tanga au Malindi atalitambua mara moja, na ndani ya sanduku la bati lililosimama juani bila kiyoyozi hakulaliki. Huko mimi ninayesifu kambi za ndani nasema tokeni nje, lipieni umeme, na mchague Townsend. Townsend ni mji mtulivu ulio upande wa Cades Cove, bonde linaloonekana katika picha nyingi za hifadhi hiyo, na mtaepuka foleni ya Pigeon Forge na Gatlinburg ambayo jioni ya Jumamosi hutambaa kwa mwendo wa miguu. Mei na Oktoba, hewa ikiwa nzuri, kambi ya Elkmont ndani ya hifadhi inarudi kuwa bora, mradi gari halizidi futi 35. Kiingilio hakuna, lakini tangu 2023 kila gari linaloegeshwa zaidi ya dakika 15 linahitaji kibandiko: dola 5 kwa siku, 15 kwa wiki, 40 kwa mwaka. Wenye RV na gari dogo wahesabu magari mawili.

Kiwanja chenyewe kina vipimo vyake, na hapa haraka tu. Futi zilizoandikwa ni za gari, na mara nyingine zinajumuisha gari na chochote kilicho nyuma yake, hivyo rafu ya baiskeli na ndoano ya trela vipimwe. Kiwanja cha kupita moja kwa moja ni cha kupigania kwa dereva mgeni. Kurudi nyuma gizani katikati ya misonobari kumeharibu ngazi na madirisha mengi. Fikeni mchana. Kwenye kambi za zamani za hifadhi, nyingi zikiwa zimejengwa wakati magari yalikuwa mafupi, viwanja havijalala sawa, kwa hiyo bebeni vipande vya kuinulia magurudumu. Na St. Mary, mashariki ya Glacier, upepo unashuka kutoka milimani bila taarifa: kivuli cha turubai kikunjwe kila mnapoondoka, hata kwa dakika kumi.

Kuna jambo jingine ambalo picha haziwezi kuonyesha, nalo ni sauti. Reli kuu ya mizigo ya BNSF inafuatana na barabara ya US 2 kusini mwa Glacier, inapita West Glacier na Coram, na treni zake hazilali. Kambi mbili zenye bei moja zinaweza kutofautiana kwa mita mia tatu kutoka kwenye reli, na tofauti hiyo ni usingizi wa familia nzima. Fungua picha ya satelaiti, tafuta reli, tafuta barabara kuu, tafuta na mti. Kiwanja kisicho na kivuli Agosti hakisaidiwi na uzuri wa ofisi.

Kuhusu kambi za binafsi sina dharau. Biashara hiyo kwa sura yake ya leo ina mizizi Montana: KOA ilianza 1962 mjini Billings, kwenye njia ya watu waliokuwa wakielekea maonyesho ya dunia ya Seattle, mfanyabiashara Dave Drum alipoona misafara inapita bila pa kulala. Alichouza tangu mwanzo ni bafu la moto, duka na sehemu ya kuwashia moto. Baada ya siku nne za kukaa hifadhini bila maji ya bomba, huduma hizo zina utamu wa kweli, na kufua nguo za watoto watano hakungoji. Ninachopendekeza kwa safari nyingi ni hiki: ndani ya hifadhi katikati ya safari, kambi ya binafsi mwanzoni na mwishoni, mahali pa kumwaga majitaka na kujaza maji pakiwa pamejulikana kabla.

Nafasi za ndani huisha mapema. Kambi nyingi za hifadhi za taifa hufungua nafasi zake miezi sita kabla kwenye Recreation.gov, na za majira ya joto huondoka asubuhi ileile zilipofunguliwa. Walioshindwa wasikate tamaa. Watu hughairi, na viwanja hurudi sokoni, hasa siku chache kabla ya tarehe na hasa vya katikati ya wiki. Angalieni asubuhi na jioni. Familia inayoweza kufika Jumapili na kuondoka Alhamisi ina nafasi kubwa kuliko inayoweza wikendi tu.

Kabla ya kulipa, soma sharti la kurudishiwa fedha kwa makini kuliko unavyosoma bei, kwa sababu milima hufunga barabara. Logan kwa kawaida haifunguki hadi mwisho wa Juni au Julai kwa ajili ya theluji, huku kambi za chini zikiwa zimefunguliwa wiki nyingi kabla. Agosti huja na moto wa misitu. Mwaka 2017 uliunguza nyumba ya wageni ya Sperry ndani ya Glacier, na katika majira ya namna hiyo moshi huweza kufunika mabonde kwa siku nyingi. Juni 2022 mafuriko yalikata barabara ya kaskazini ya Yellowstone, na lango la Gardiner likabaki limefungwa kwa magari ya kawaida hadi mwisho wa Oktoba. Mji ulikuwepo na kambi zilikuwepo. Kilichokosekana ni njia ya kuingia. Sera nyingi za kambi humrudishia mteja fedha kambi yenyewe ikifungwa. Piga simu uulize swali la pili, na uombe jibu kwa maandishi: kambi yenu ikiwa wazi na lango limefungwa, fedha yangu inarudi?